Sentensi moja ya mtumishi wa Portia

Mara ya kwanza kupanda jukwaani nilikuwa na miaka 13, na maneno niliyopewa yalikuwa sentensi moja. Ilikuwa Tanga, kwenye bwalo la shule. Madawati yalikuwa yamesukumwa ukutani, na jukwaa lilikuwa meza za kulia chakula zilizofungwa kamba miguuni zisije zikaachana. Mchezo ulikuwa Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mchezo wa Shakespeare, iliyotoka mwaka 1969. Mimi nilikuwa mtumishi wa Portia. Niingie, niiname, nimwambie bibi yangu kuwa kuna wageni wanamtaka, nitoke.

Kitabu kilikuwa kimoja tu, cha mwalimu wetu wa Kiswahili. Kwa hiyo kila mmoja wetu alikaa na daftari akanakili maneno yake mwenyewe, na juu ya kila kipande akaandika maneno matatu au manne ya mwisho ya yule anayemtangulia. Hayo maneno ya mwisho mwalimu aliyaita mlango. "Usikariri maneno yako tu," alituambia. "Kariri mlango wako. Ukiujua mlango, maneno yatakuja yenyewe." Daftari langu lilikuwa na mstari mmoja wa mlango na mstari mmoja wa maneno. Kurasa nyingine zote zilikuwa nyeupe.

Wiki tatu nililala na ile sentensi na kuamka nayo. Niliisema nikichota maji, niliisema nikipiga pasi ya mkaa. Siku yenyewe ikafika, mlango ukasemwa, nikaingia, nikainama. Nilipoinua kichwa nikaona watu wa mtaa mzima wananitazama, na mama yangu yuko safu ya pili na khanga yake ya Idi. Maneno yakatoka kichwani kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Msichana aliyekuwa Portia akaninong'oneza bila kufungua midomo. Sikusikia kitu. Nikaanza kulia, nikageuka, nikakimbia.

Mwalimu alinikuta nyuma ya tangi la maji. Hakunigombeza. Alichuchumaa mpaka macho yetu yakawa sawa, akasema, "Umeingia pale pale ulipotakiwa kuingia. Kesho utasema."

"Kesho sirudi, mwalimu."

"Utarudi, mwanangu. Portia hana mtumishi mwingine."

Mchezo ulikuwa wa siku mbili. Kesho yake nilisema.

Miaka zaidi ya 25 baadaye, nikiwa New York, nilisoma habari ya mtoto mwingine. Mwezi Septemba 1752, kikundi cha waigizaji kutoka London kilichoongozwa na Lewis Hallam kilifungua jukwaa Williamsburg, Virginia, Marekani ikiwa bado koloni la Waingereza. Walikuwa wamevuka Atlantiki kwa meli, na njiani walifanya mazoezi juu ya sitaha. Mchezo wao wa kwanza ulikuwa huu huu wa Shylock, mkopeshaji Myahudi anayemdai mfanyabiashara Antonio ratili ya nyama ya mwili wake. Mtumishi wa Portia alikuwa mtoto wa mwenye kikundi, naye akiitwa Lewis, mwenye miaka kama 12, na alikuwa na sentensi moja. Imesimuliwa katika historia ya jukwaa la Marekani kwamba alipoingia akawaona watu, alinyamaza, akaangua kilio, akakimbia nje.

Nilikuwa nimesimama kati ya rafu za maktaba nilipoyasoma hayo. Nikatafuta kiti, nikakaa. Mtoto yule alikuja kuwa mwigizaji mkuu wa kikundi kile na baadaye mmoja wa wenye nacho, na aliigiza kwa zaidi ya miaka 40. Baba yake alipofariki Jamaika, mama yake aliolewa na David Douglass, wakaunda kikundi upya, wakarudi bara mwaka 1758. Kuna wakati kijana aliigiza Romeo na mama yake mzazi akaigiza Juliet, kwa kuwa kikundi kilikuwa kidogo na kila mtu alibeba kilichokuwepo. Aliyewahi kufanya kazi katika kikundi cha watu kumi na wawili haoni ajabu hapo.

Tangu siku ile nimewasoma waigizaji wa zamani wa Marekani kwa jicho la mwenzao wa kazi. Tarehe huzipata kila mahali. Mimi nilikuwa natafuta walikula nini, walijifunzaje maneno, nani aliwashonea nguo. Nikakuta wao pia hawakupewa kitabu kizima. Mwigizaji alipewa karatasi zenye maneno yake tu pamoja na maneno ya mwisho ya mwenzake. Milango! Kunakili mchezo mzima kwa mkono kwa kila mtu kulikula muda na karatasi, na mwenye kikundi hakutaka mswada uzagae ukaibiwe na kikundi kingine. Kwa hiyo kulikuwa na watu waliofika mazoezini bila kujua mchezo unaishaje, wakaujulia pale pale kwa kusikiliza. Ndiyo shule yangu ya Tanga hiyo, na sisi tulidhani ni umaskini wetu.

Usiku mmoja kwao haukuwa mchezo mmoja. Kulikuwa na tamthilia ndefu ya huzuni, katikati nyimbo au dansi, kisha kichekesho kifupi cha kuwarudisha watu nyumbani wakicheka. Aliyekufa saa tatu alirudi saa nne na nusu akiwa kinyozi au mlevi. Na kesho yake mchezo ulikuwa mwingine, kwa sababu mji ulikuwa mdogo na watazamaji ni wale wale. Mwigizaji alitembea na wahusika kwa makumi kichwani, tayari muda wowote.

Hili nalijua. Baada ya Chuo cha Sanaa Bagamoyo niliingia kikundi cha maonyesho kilichozunguka Moshi, Dodoma, Morogoro hadi Mbeya. Usiku wetu ulikuwa na ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo la mafunzo, halafu taarab mpaka umeme ukatike. Nimewahi kucheza mganga wa uongo, nikakimbilia nyuma ya turubai, nikavua shanga, nikatoka na zumari kuwapigia wacheza ngoma kabla jasho halijakauka. Kule nyuma palikuwa giza, nguo tulizijua kwa kuzipapasa. Mpaka leo naweza kufunga vifungo vya joho kwa mkono mmoja nikiwa natembea.

Na mapato tuligawana kwa mafungu: mwenye vyombo vya muziki mafungu mawili, kiongozi fungu na nusu, sisi wengine fungu fungu, na dereva alilipwa kwanza maana bila yeye hamfiki kokote. Kumbe kikundi cha Hallam nacho kiligawana kwa mafungu, na sehemu ya mafungu ilikwenda kurudisha mtaji wa ndugu yake aliyebaki London. Baadaye vikundi vya Marekani vilianza kulipa mshahara, lakini mshahara peke yake haukumtosha mtu. Kilichomwokoa mwigizaji ni usiku wake. Kila mmoja alipangiwa usiku mmoja katika msimu ambao fedha za mlangoni, zikishatolewa gharama za ukumbi, zilikuwa zake. Aliuchagua mchezo mwenyewe, akachapisha matangazo, akapita nyumba kwa nyumba akiuza tiketi na kusalimia. Mvua ikinyesha usiku huo, basi, msimu wake umekwenda na maji.

Nawaheshimu sana kwa ule mzunguko wa nyumba kwa nyumba. Watu huona taa na makofi. Hawaoni mchana wake, mtu mzima mwenye koti lililopigwa pasi vizuri, amesimama kizingitini kwa mtu, akieleza kwa upole kwamba Alhamisi ataigiza na angefurahi kama wangekuja. Nimesimama vizingiti hivyo. Kuna mama mmoja wa Morogoro alinunua tiketi nne na hakuja, na bado namwombea heri.

Kulikuwa na jambo la sheria pia, nalo nitalipitia haraka. Makoloni kadhaa yalipiga marufuku michezo ya jukwaani, wakiona ni uvivu na uasherati. Mwaka 1761 kule Newport, Rhode Island, tangazo la kina Douglass liliita Othello, mchezo wa Shakespeare wa jemadari mweusi anayemuua mkewe kwa wivu, mazungumzo ya maadili katika sehemu tano, yenye kuonyesha ubaya wa wivu. Mwaka 1774 Bunge la makoloni liliwataka watu waache anasa, michezo ya jukwaani ikiwemo, na kikundi kikarudi Jamaika mpaka vita viishe. Baba yangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kunitazama nikiigiza. Kwake huo ulikuwa uhuni. Mama alimwambia ni masomo ya Kiswahili.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nianze kuyasoma haya yote.

New York nilifika nikiwa na uzoefu wa jukwaa wa karibu miaka 20 na Kiingereza changu cha Tanga. Nilibeba mizigo, nikalinda milango, nikaendelea kutafuta. Hatimaye nikapata nafasi kwenye mchezo mmoja, na nafasi yenyewe haikuwa ndogo. Tulifanya mazoezi siku tisa. Siku ya kumi asubuhi nikapokea barua pepe: wananishukuru, wanaipenda sauti yangu, lakini wanaogopa watazamaji hawataelewa matamshi yangu. Nafasi imekwenda kwa mwingine. Nilisoma ile barua kwenye treni, nikapitiliza kituo changu, nikapitiliza vingine sita.

Miongoni mwa waigizaji wa mchezo ule alikuwamo mama mmoja Mmarekani mweusi aliyenizidi kama miaka 20. Nilimwita Mama tangu siku ya kwanza, naye alipenda. Alinipigia jioni ile. Hakunipa pole. Alisema tukutane kesho kwenye kona ya Mercer na Bleecker, saa nne.

Nilifika mapema. Kona yenyewe haina la ajabu: maduka, baiskeli zilizofungwa minyororo, watu wanakwenda zao. Akaja na kofia ya sufi na vikombe viwili vya kahawa. Akaniambia, "Hapa mwaka 1822 palikuwa na jukwaa la watu weusi."

Mwenye jukwaa aliitwa William Brown. Alikuwa mtumishi wa melini kutoka visiwa vya Karibi, akaacha bahari, akanunua nyumba. Mwaka 1821 alifungua bustani ya burudani nyuma ya nyumba yake Thomas Street, kwa vile bustani nyingine za mji hazikuwapokea weusi. Palikuwa na vinywaji, muziki, na watu kusoma mashairi. Septemba mwaka ule kundi lake likaigiza Richard III wa Shakespeare. Gazeti moja la mjini liliandika kuwa joho la mfalme lilikuwa limeshonwa kwa mapazia yaliyotupwa ya ukumbi wa dansi. Mwandishi aliandika ili watu wacheke. Mimi nilipolisikia nilimkumbuka Antonio wetu wa Tanga, aliyevaa pazia la ofisi ya mwalimu mkuu huku vishikizo vya shaba bado viko shingoni. Kugeuza pazia likawa joho ni ufundi. Mtu lazima ajue akunje wapi ili taa isionyeshe ulipofubaa.

Utumwa katika jimbo la New York ulikuwa bado haujaisha. Ulifutwa kabisa tarehe 4 Julai 1827. Kwa hiyo katika viti vile walikaa watu huru pamoja na watu ambao kesho yake asubuhi walirudi kwa mabwana zao. Brown alipothubutu kukodi ukumbi karibu na Park Theatre, jukwaa kubwa la mji, polisi walikuja wakawakamata waigizaji katikati ya onyesho, wakawaachia kwa masharti kwamba hawataigiza Shakespeare tena. Wakaenda Mercer na Bleecker, wakaigiza Shakespeare. Agosti 1822 wahuni waliingia, wakavunja vitu, wakawapiga waigizaji na Brown mwenyewe. Alirudi tena. Mwaka 1823 aliweka jukwaani mchezo alioutunga yeye, juu ya vita vya Wakaribi weusi wa kisiwa cha Saint Vincent, na huo huhesabiwa kuwa mchezo wa kwanza kuandikwa na Mmarekani mweusi na kuigizwa. Maneno yake yamepotea yote. Hakuna aliyebakiza hata karatasi za milango.

Hilo la kupotea linaniumiza kuliko kipigo. Kipigo hupona. Mchezo ambao hakuna aliyetunza daftari lake haurudi.

Wengi waliosikia habari za Brown husikia kwa sababu ya kijana mmoja aliyepita hapo, Ira Aldridge. Alizaliwa New York tarehe 24 Julai 1807, baba yake akiuza majani makavu na kuhubiri. Alisoma shule ya watoto huru wa Kiafrika mjini humo, na alipokuwa kijana alikuwa akienda Park Theatre kukaa juu kabisa walikoruhusiwa weusi. Mama yule aliponitajia jina hili nilitikisa kichwa, sikuwa nimelisikia. Miaka 20 ya jukwaa, na sikuwa nimelisikia! Akaniambia kijana huyu alipoona kwao hakuna jukwaa litakalompokea, alipanda meli kwenda Uingereza akifanya kazi ya utumishi. Mwaka 1825, akiwa na miaka 17, aliigiza Othello London kwenye ukumbi mdogo wa mashariki ya mji. Mwezi Oktoba akapata ukumbi mkubwa zaidi, Royal Coburg, akiigiza mtumwa wa kifalme anayeasi. The Times likaandika kwamba kwa umbo la midomo yake hawezi kutamka Kiingereza sawasawa.

Mama akanyamaza hapo, akanywa kahawa yake. Nami nilikuwa nayo ile barua pepe mfukoni kwenye simu.

Mtoto wa New York, Kiingereza lugha ya mama yake. Shida haikuwa matamshi.

Ningependa kusema siku ile nilipona. Sikupona. Nilikasirika kwa miezi. Lakini nilianza kumfuatilia Aldridge kama mtu anayetafuta njia aliyopita ndugu yake. Nikakuta maisha yake mengi hayakuwa London. Yalikuwa kwenye magari ya farasi, mji hadi mji, Uskoti, Ireland, kaskazini ya Uingereza. Mwaka 1828, akiwa na miaka 20, alikabidhiwa kuendesha ukumbi wa Coventry. Kisha ikaja nafasi ile. Tarehe 25 Machi 1833, Edmund Kean, mwigizaji aliyesifika kuliko wote wakati huo, alianguka jukwaani Covent Garden, ukumbi mkubwa wa London, akiwa ni Othello, mikononi mwa mwanawe. Hakuigiza tena, mwezi Mei akafariki. Tarehe 10 Aprili aliyesimama mahali pake Covent Garden alikuwa Aldridge, na miaka yake 25.

Magazeti yalishaanza kumtukana kabla hajafungua mdomo. Jarida la The Athenaeum lililalamika kwamba Ellen Tree, aliyekuwa Desdemona mke wa Othello, anashikwa-shikwa na mtu mweusi. Bunge lilikuwa katikati ya mjadala wa kufuta utumwa, na wenye mali ya watumwa walikuwa na sauti kubwa mjini. Aliigiza tarehe 10, akaigiza tarehe 12, halafu basi. Usiku mara mbili.

Nikimwona hapo ndipo naona kazi yenyewe. Kuingia jukwaani ukiwa unajua kuna watu wamekuja kukutazama unaanguka, na bado ukasikiliza mlango wako, ukaingia kwa wakati, ukampa mwenzako neno lake la mwisho kwa usafi ili naye apate kuingia. Nani anafundisha hilo? Mimi nimelipata nusu nusu, kwa miaka, kwenye mabaraza ya vijiji ambako watu walikuwa wakizungumza juu ya mbolea tukiwa tunaigiza. Aldridge alilipata kwenye miji ambayo London haikuijali. Na alipofungiwa alirudi huko huko. Miaka karibu 20 mingine.

Kuna jambo moja kwake ambalo sijatulia nalo. Baada ya Othello, usiku ule ule, mara nyingi alirudi kuigiza kichekesho, naye ni Mungo: mtumwa wa nyumbani, mlevi, anayeimba na kulalamikia kazi. Mhusika huyu New York ilimjua tangu 1769, na aliyemleta huko ni yule yule Lewis Hallam mdogo, aliyekimbia jukwaa akilia, sasa mtu mzima amejipaka uso rangi nyeusi. Nilipokutanisha mambo haya mawili moyo ulinishuka. Mwenzangu wa machozi alikuja kuchekesha watu kwa kujifanya mtumwa mweusi, na Aldridge, mweusi kweli, akaja kulichukua vazi lile lile.

Kwa muda mrefu niliona Aldridge alilazimishwa, basi. Watazamaji walilipia kicheko, naye alikuwa na familia. Hilo ni kweli. Lakini mimi nimewahi kuigiza katika usiku mmoja mzee anayefiwa na mwanawe kisha chizi wa sokoni, na najua watu wanavyokutazama tofauti mara ya pili. Wameshakulilia. Kicheko kinatoka kwenye koo ambalo limetoka kulia, na mtumwa wa kichekesho hawezi tena kuwa mdudu tu machoni pao, maana saa moja iliyopita alikuwa jemadari. Naamini Aldridge alilijua hilo na akalitumia. Alikuwa pia na wimbo mmoja wa oposumu, mnyama mdogo wa Marekani, juu ya mti, ambao mchekeshaji Charles Mathews aliutumia London kuwadhihaki waigizaji weusi wa New York. Aldridge akauchukua akauimba mwenyewe. Na mwisho wa msimu katika mji, alisimama mbele ya pazia akawaaga watu kwa hotuba dhidi ya utumwa. Hata hivyo usiku mwingine nikilala hunijia picha yake akijifunga aproni ya Mungo, na sitamani kuwa mahali pake.

Mwaka 1852 alivuka kwenda bara la Ulaya, na huko ndiko alikopewa kila alichonyimwa London: medali ya dhahabu ya mfalme wa Prussia, nishani katika nchi za Wajerumani, kumbi zilizojaa Saint Petersburg mwaka 1858. Mchoraji na mshairi Taras Shevchenko alimchora Desemba ile, wawili wasio na lugha moja, mabinti wa nyumba waliyokaribishwa wakiwatafsiria.

Kilichonishangaza kuliko medali ni namna alivyoigiza huko. Yeye alisema Kiingereza, wenzake wote wakajibu Kijerumani, au Kirusi. Fikiria mlango wako uko ndani ya lugha usiyoijua. Iago, yule anayemchochea Othello, ananong'ona kwa Kirusi, nawe lazima uingiwe na wivu mahali hasa panapotakiwa, wala si kabla. Bila shaka alikariri sauti, pumzi, kushuka kwa bega. Watu waliomtazama hawakuelewa maneno yake na wakatoka wakilia. Huko aliigiza pia Lear, Macbeth, na Shylock wangu wa Tanga, na Shylock wake alikuwa mtu wa kabila lililoonewa, hakumfanya kichekesho cha mlafi wa fedha. Wakati The Times lilisema midomo yake haifai.

Alipanga kurudi Marekani. Vita vya kule vilikuwa vimekwisha, utumwa umefutwa. Alifariki Łódź, Poland, tarehe 7 Agosti 1867, akiwa safarini na kazi yake, akazikwa huko. Binti yake Amanda, aliyekuwa mtoto mchanga wakati huo, alikua akawa mwanamuziki na mwalimu wa sauti London. Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji Mmarekani mweusi, alipojiandaa kuigiza Othello London mwaka 1930 alikwenda kwake kujifunza matamshi, na Amanda akampa hereni ambazo baba yake alizivaa akiwa Othello. Mwaka 1943 Robeson aliigiza Othello Broadway, mara 296. Matamshi yalifundishwa na binti wa yule aliyeambiwa hawezi kutamka. Nililia niliposoma, na sioni haya kusema.

Sikurudi kugonga pale waliponitoa. Nilianza kutafuta ukumbi wowote wenye milango inayofunguka. Sasa ni mwaka wa saba tunatumia ukumbi wa chini wa kanisa moja, Jumamosi mchana, bure, mradi tupange viti tukimaliza. Tuko 14: wa Mombasa, wa Unguja, wa Bujumbura, vijana wawili waliozaliwa hapa, na Mama Furaha wa Bukavu, kama tunavyomwita, ambaye kwao alikuwa akiuza vitenge na hajawahi kuigiza. Yeye ndiye Shylock wetu. Wengine walinung'unika, mwanamke, na Kiswahili cha Kongo! Nikawaomba wasikilize kwanza. Alipofika pale Shylock anapouliza kama ukimchoma hatoki damu, aliuliza polepole, kama mtu anayeuliza bei ya kitu alichokwisha kuibiwa, na aliyekuwa akila karanga pembeni aliacha.

Mwanzoni milango ilitutesa. Wa Unguja akimaliza sentensi yake, Mama Furaha bado anasubiri, kwa sababu lafudhi inashuka mahali asipopatarajia. Wa Mombasa anasema mbio, kijana wa hapa anapoteza nusu. Nikakumbuka Aldridge na Warusi wake. Nikawaambia tuache maneno kwa wiki mbili, tufanye mazoezi kwa kunung'unika tu, mdomo umefungwa, kila mtu asikilize pumzi ya mwenzake inaishia wapi. Walicheka sana siku ya kwanza. Wiki ya pili Mama Furaha aliingia kila mara pale pale.

Mtumishi wa Portia ni kijana wa miaka 11, mjukuu wa yule wa Mombasa. Jumamosi iliyopita aliisema sentensi yake mapema mno, kabla Portia hajamaliza, kisha akaganda. Portia, ambaye mchana ni muuguzi, akamgeukia kana kwamba hajasikia. "Unasemaje, mwanangu?" Akaisema tena.

Mama Furaha ameniomba nimwandikie upya daftari lake kwa herufi kubwa zaidi, macho yanamsumbua usiku. Milango naiandika kwa kalamu nyekundu. Nimefika ukurasa wa tisa, na mahakama bado.